Tupatieni mchezo wenyewe wa sataranji, si matokeo peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Mwezi Desemba 2024, Gukesh Dommaraju, kijana wa miaka 18 kutoka Chennai, India, alipomshinda Ding Liren wa China kule Singapore na kutwaa ubingwa wa dunia wa sataranji, gazeti lako lilichapisha habari hiyo kwa aya moja, chini kabisa ya ukurasa wa michezo, baada ya msimamo wa ligi. Siilalamikii aya hiyo kwa ufupi wake, maana najua nafasi ya gazeti ni ghali. Ninachokilalamikia ni kwamba tulielezwa umri wa bingwa, tukaelezwa kwamba pointi zilikuwa 7.5 kwa 6.5, tukaelezwa hata kwamba alibubujikwa na machozi mezani, lakini hatukuoneshwa hatua hata moja aliyoicheza.

Mwandishi wako wa kandanda, hata awe hodari namna gani, hawezi kuniletea goli ndani ya gazeti. Anaweza kunisimulia tu jinsi mpira ulivyopigwa na jinsi kipa alivyopitwa, nami nikabaki kumwamini. Katika sataranji hali haiko hivyo. Katika mashindano makubwa kila mchezaji anatakiwa na sheria kuandika hatua zote, zake na za mpinzani wake, na mchezo wa saa tano au sita unapomalizika unabaki wote, bila kupungua hata chembe, katika karatasi moja ambayo mtu anaweza kuikunja na kuitia mfukoni. Msomaji wako wa Lushoto au wa Kilwa Masoko akiwa na ubao na kete zake anaweza kuupanga mchezo huo upya barazani, akarudi nyuma hatua tatu, akajiuliza kwa nini bingwa hakula kitunda, ile kete ndogo kuliko zote, kilichoachwa wazi, akajaribu kukila yeye mwenyewe na kuona kitakachompata. Sijui mashindano mengine ambayo gazeti linaweza kuyabeba mazima kiasi hicho, na ndiyo maana naona ni hasara kwamba gazeti letu linayabeba kwa aya moja isiyo na hatua.

Haya siyasemi kwa kukisia. Mimi ni mstaafu wa reli, naishi Tanga, na mwezi Aprili 2024 niliyafuata Mashindano ya Wagombea ya Toronto, Kanada, kuanzia raundi ya kwanza hadi ya kumi na nne. Kwa wasioyajua, haya ndiyo mashindano yanayomtafuta mtu wa kwenda kumkabili bingwa wa dunia. Hukaribishwa wachezaji wanane tu, kila mmoja akikutana na kila mwenzake mara mbili, mara moja kwa kete nyeupe na mara moja kwa nyeusi, jumla michezo 56. Hakuna kombe la mshindi wa pili. Anayemaliza wa kwanza hupata haki ya kucheza na bingwa, na wengine saba hurudi nyumbani kuanza kuitafuta upya nafasi hiyo.

Toronto wako nyuma yetu kwa saa saba wakati huo wa mwaka, kwa hiyo michezo iliyoanza kwao saa nane na nusu mchana ilianza kwangu saa tatu na nusu usiku. Mjukuu wangu alinifungulia matangazo mbashara katika simu, yenye picha za wachezaji na wachambuzi wanaozungumza bila kupumzika, na katika usiku mbili bando langu la mwezi likaisha. Usiku wa tatu nilikuwa maskini wa intaneti, nikagundua kwamba ukurasa wenye hatua tupu, bila picha wala sauti, hauli bando karibu kabisa. Nikaweka ubao mezani, simu pembeni, na kila hatua ilipoingia niliisogeza kete kwa mkono wangu. Naomba uniamini, Mhariri, nikikwambia kwamba tangu usiku ule sikurudi tena kwenye picha. Nilikuwa naisubiri hatua kama anavyoisubiri aliyeketi mbele ya mchezaji, na pale mtu kama Fabiano Caruana wa Marekani, mmoja wa wale wanane, alipokaa dakika 30 bila kugusa kete, nami nilikuwa na dakika 30 za kukisia anawaza nini.

Jirani yangu, mcheza bao ambaye mtaa mzima unamwogopa, alipita usiku mmoja akanikuta nimeinamia ubao usiosogea. Akaniuliza, "Shemeji, hawa wenzako wamelala?" Nilimkaribisha kiti. Nilipomwambia kwamba ubao huu una miraba 64 na kete 32 alicheka sana, kwa sababu bao lake la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, akasema hawa watu walisikia habari za bao kwa mbali wakaikosea hesabu. Kuanzia hapo alikuwa akija kila usiku wa raundi, na bila kujua jina la ufunguzi (mpango wa hatua za mwanzo) hata mmoja aliweza kuninong'oneza, mara nyingi kwa usahihi, kwamba fulani amebanwa.

Kuna jambo moja linalohusu ufuatiliaji wa siku hizi ambalo lazima niliseme, kwa kuwa linahusiana na ombi langu. Katika matangazo ya simu, pembeni mwa ubao huwekwa mstari mweupe na mweusi unaopanda na kushuka, ambao ni hukumu ya kompyuta kuhusu nani yuko mbele. Mstari huo umewafanya mashabiki wengi kuwa majaji wasioielewa kesi. Mtu ambaye hawezi kuumaliza mchezo wa ngome na mfalme dhidi ya mfalme pekee humwona mmoja wa wachezaji bora duniani akicheza hatua, mstari ukashuka kidogo, naye akasema kwa sauti, "Ameharibu!" Kompyuta inaona hatua nyingi mbele kwa nukta ya sekunde, ilhali binadamu aliyeketi pale ana saa inayomhesabia, ana tumbo linalomkata, ana mwaka mzima wa maandalizi juu ya mabega yake. Mimi niliukata mstari ule kwa kipande cha karatasi nilichokibandika juu ya kioo cha simu. Gazeti halina mstari huo. Msomaji anayepewa hatua kwa maandishi analazimika kufikiri kwanza na kuhukumu baadaye.

Raundi ya kwanza yote ilikwenda sare, michezo minne kati ya minne, na jirani yangu, shemeji, nilipomsimulia baadaye aliniambia kwamba kwa mwendo huo asingeliacha bao lake. Raundi ya pili yote ilikuwa na washindi. Usiku ule Vidit Gujrathi wa India, akicheza na kete nyeusi, alimtoa kafara tembo wake (vijana wengi humwita askofu) kwenye mraba wa h3 katika hatua ya 11, akimvunjia Hikaru Nakamura wa Marekani ukuta uliomkinga mfalme wake, na Nakamura, aliyekuwa amekaa michezo 47 ya saa ndefu bila kufungwa na mtu, akalala. Katika habari zilizosomwa kesho yake nilisikia kwamba "Nakamura ameshindwa." Ni kweli alishindwa, lakini yule tembo wa h3 ndiye aliyekuwa habari, naye hakutajwa.

Katika raundi ya saba Gukesh, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 17 tu, alikutana na Alireza Firouzja wa Ufaransa. Kwa mujibu wa kanuni za Toronto kila mchezaji alikuwa na dakika 120 kwa hatua 40 za kwanza, na kijana yule aliishiwa na muda karibu na mwisho wa hatua hizo, akakosea na kufungwa. Ilikuwa mara pekee aliyofungwa katika mashindano yote. Nilidhani habari yake imekwisha, maana nimeona watu wazima wakivunjika kwa kipigo kama hicho wasiinuke tena hadi mwisho. Siku iliyofuata ilikuwa ya mapumziko, na baadaye Gukesh mwenyewe alieleza kwamba ni baada ya kipigo kile, katika siku ile ya mapumziko, ndipo alipojisikia vizuri kuliko wakati wowote na kuhisi kwamba huenda zamu yake imefika. Katika raundi ya nane alimfunga Vidit. Katika raundi ya 12 alimfunga Nijat Abasov wa Azerbaijan, na katika raundi ya 13 akamlipa Firouzja deni lake.

Kwa hiyo tulifika raundi ya mwisho, Jumapili tarehe 21 Aprili, Gukesh akiwa na pointi 8.5 (ushindi ni pointi moja, sare ni nusu) na watu watatu wakimfuata kwa nusu pointi: Nakamura, Caruana, na Ian Nepomniachtchi wa Urusi, ambaye alikuwa ameshinda mashindano haya mara mbili mfululizo kabla ya hapo. Ratiba ilikuwa imepanga mambo kwa ustadi ambao hata mtunzi asingethubutu kuubuni, maana Nakamura alikutana na Gukesh, na Caruana alikutana na Nepomniachtchi. Gukesh alitoa sare bila kutetereka akawa amefikisha pointi 9. Kuanzia hapo hatima yake haikuwa tena mikononi mwake. Iwapo kati ya Caruana na Nepomniachtchi mmoja angeshinda, mshindi huyo naye angefikisha 9, na wangelazimika kurudiana kwa michezo ya haraka.

Nimeangalia mpira tangu enzi za redio, Mhariri, na nimeona mikwaju ya penalti ya kila aina, lakini saa zile za mwisho za Caruana na Nepomniachtchi zilinitoa jasho kuliko penalti yoyote. Caruana alikuwa mbele. Wote waliokuwa wakitazama walijua yuko mbele, na hata mimi na kipande changu cha karatasi nilijua. Alikaribia ushindi, ukamponyoka; akaukaribia tena, ukamponyoka tena, huku muda ukimwishia na mpinzani wake akijitetea kama mtu anayeziba nyufa za mtumbwi kwa vidole. Shemeji alikuwa amelala kitini, nami nikawa nasogeza kete peke yangu kwa taa ya kandili, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na simu ilikuwa na chaji ya mwisho. Baada ya hatua 109 walikubaliana sare. Kwa wote wawili ile ilikuwa sawa na kufungwa. Nepomniachtchi alimwomba mwenzake radhi, na Caruana akajibu kwamba kosa ni lake. Jogoo walikuwa wameanza kuwika mtaani kwetu nilipokifunika kisanduku cha kete, na bingwa mdogo kuliko wote katika historia ya mashindano hayo alikuwa amepatikana.

Kesho yake nilikimbilia kibanda cha magazeti. Sitasema nilichokikuta, umeshakijua.

Sambamba na hayo, katika ukumbi huohuo, wanawake wanane nao walicheza Mashindano yao ya Wagombea, na Tan Zhongyi wa China akashinda kwa pointi 9 kati ya 14. Kati yao alikuwapo Vaishali Rameshbabu, dada wa Praggnanandhaa aliyekuwa akicheza katika yale mashindano ya akina Gukesh, na haijapata kutokea kabla ya hapo kaka na dada kuwamo pamoja katika hatua hii. Vaishali alifungwa michezo minne mfululizo katikati ya mashindano, kisha akashinda mitano mfululizo ya mwisho. Michezo hiyo tisa, ikipangwa Jumapili moja moja, ingempa msomaji wako miezi miwili ya kuisubiri Jumapili.

Najua utanijibu kwamba wasomaji wengi hawachezi sataranji. Jibu hilo lina ukweli, lakini pia si wasomaji wengi wanaojaza fumbo la maneno, na wala sijapata kuona utafiti wa idadi ya watu ambao safu ya nyota imewatabiria sawasawa, na bado safu hizo mbili zinachukua robo ya ukurasa kila wiki. Vijiwe vya drafti viko kila mtaa, na anayejua drafti hahitaji jioni nyingi kujifunza sataranji. Neno lenyewe si geni kwetu, limetufikia kupitia Kiarabu likitokea Uajemi na India, kwa hiyo mchezo huu una jina la Kiswahili kabla hata haujatafutiwa nafasi katika gazeti la Kiswahili. Na tusisahau Phiona Mutesi, binti wa Katwe, Kampala, aliyepata cheo chake cha kimataifa katika Olimpiadi ya Sataranji ya Istanbul mwaka 2012. Watu wengi wanaijua hadithi ya maisha yake. Mimi sijakutana hata na mmoja, hapa Tanga, aliyewahi kuona mchezo wake ukichapishwa kwa lugha yetu.

Tena jambo hili si jipya duniani. Leonard Barden alianza kuandika safu ya sataranji katika gazeti la The Guardian la Uingereza mwaka 1955 na akaiendeleza kwa zaidi ya miaka 60, kila wiki ikiwa na ubao mmoja mdogo na mistari michache ya hatua.

Kikwazo kimoja cha kweli nakijua, nacho ni maandishi. Miraba haina shida, kwa kuwa safu zinapewa herufi a hadi h na mistari inapewa tarakimu 1 hadi 8, na dunia nzima inatumia hivyo. Shida ni majina ya kete, maana kila lugha hutumia herufi ya kwanza ya jina lake, na sisi mfalme na malkia wote wanaanza na M. Waingereza walipatwa na tatizo kama hilo, mfalme wao na farasi wao wote wakianza na K, wakaamua farasi achukue herufi ya pili ya jina lake. Sisi tunaweza kufanya vizuri zaidi kwa kurudi kwenye asili. Waarabu na Wahindi kete ile humwita waziri, wala si malkia, na yule anayeitwa askofu Waarabu na Warusi humwita tembo. Tukifuata hivyo tunapata M kwa mfalme, W kwa waziri, N kwa ngome, T kwa tembo na F kwa farasi, herufi tano zisizogongana, na kitunda hakihitaji herufi. Tahadhari iwe moja tu, kwamba N yetu ni ngome ilhali N ya Kiingereza ni farasi, na jambo hilo lielezwe kwa mstari mmoja chini ya safu ili vijana waliojifunzia katika simu wasipotee.

Nitumie mfano wa mchezo uleule uliotupatia aya moja. Siku ya tarehe 12 Desemba 2024, mchezo wa 14 na wa mwisho, pointi zikiwa zimefungana, Ding akiwa na kete nyeupe na Gukesh akiwa mbele kwa kitunda kimoja, karibu kila mtu aliamini kwamba itakuwa sare na kesho yake watarudiana kwa michezo ya haraka. Tembo wa Ding alikuwa pembeni kabisa, a8. Kilichofuata kinaingia katika mistari miwili ya gazeti (kwa kila namba hatua ya kwanza ni ya mweupe na ya pili ni ya mweusi, na x maana yake ni kula):

55. Nf2 Nxf2 56. Mxf2 Td5
57. Txd5 Mxd5 58. Me3 Me5, na mweupe akasalimu amri.

Ngome iliyorudi f2 ndiyo kosa, kwa sababu iliruhusu ngome zote mbili kuliwa, na baada ya hapo tembo mweusi alipokwenda d5, tembo wa a8 hakuwa na njia ya kukwepa kubadilishana naye. Wakabaki wafalme na vitunda, na kitunda kimoja cha ziada kikatosha kuleta ubingwa wa dunia. Gukesh mwenyewe alisema baadaye kwamba hakuliona kosa hilo papo hapo, na kwamba alikuwa karibu kucheza hatua nyingine. Hayo yote yako katika mistari ile miwili, na mjukuu wangu wa darasa la sita aliyaelewa kabla uji wake haujapoa.

Ombi langu, basi, ni mchezo mmoja kwa wiki, siku ya Jumapili, wenye picha moja ya ubao na maelezo ya aya mbili, na wakati wa Mashindano ya Wagombea au ya ubingwa wa dunia uwe mchezo mmoja kila baada ya raundi. Ikiwa chumba chako cha habari hakina mtu wa kuuhakiki, niko tayari kuzipitia prufu bila malipo, nikiwa na ubao mbele yangu, kabla hazijaenda mtamboni. Nasisitiza hilo la prufu. Tarakimu moja ikikosewa katika hatua ya 12, farasi atajikuta katika mraba asioweza kuufikia, na utapokea barua nyingi kuliko hii.

Wako mtiifu,
Mstaafu wa Reli,
Chumbageni, Tanga